Waya wa friji ulioangukia nyuma ya kabati la gari

Swali kutoka kwa msomaji wa Kisumu:

"Fundi, habari ya kazi. Mimi na mume wangu tulinunua matatu kuukuu ya viti 14, tukang'oa viti, tukaigeuza nyumba ya kusafiria. Fundi wa mbao wa Kibuye alitujengea kitanda nyuma na kabati refu ubavuni, na friji ndogo ya nyumbani ikaingizwa ndani ya kabati hilo. Tukiwa njiani inatumia inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumba, tukiegesha inatumia umeme wa nyumba. Juzi tulilala Nakuru tukarudi kupitia Kericho, na tulipofika Ahero nikagundua friji imezima. Waya wake ulikuwa unatokea kwenye tundu juu ya kabati hadi kwenye ekstensheni. Sasa tundu liko tupu, waya umeanguka nyuma. Nimeingiza hanga ya nguo mpaka mkono umechubuka. Kabati limefungwa kwa skrubu na gundi, na mume wangu anataka kulibomoa. Kuna njia nyingine?"

Jibu:

Ipo, dada. Na umwombe shemeji aiweke nyundo kando kwanza, maana kabati lililopakwa gundi likishaanza kubomolewa haliachiki nusu. Mbao zitapasuka, na waya utabaki pale pale chini, sasa ukiwa umefunikwa na vipande vya plaiwudi.

Kabla mkono wowote haujaingia tena mle, zima umeme. Najua utasema plagi imeshachomoka, kwa hiyo waya hauna kitu. Huenda. Lakini hujaniambia ekstensheni yenyewe iko wapi. Kama plagi ilichomoka ikaiacha ekstensheni juu, sawa. Kama zilishuka pamoja, basi mle gizani mna soketi yenye volti 240, na wewe umekuwa ukiipekecha kwa hanga ya chuma. Chomoa waya unaoleta umeme wa nyumba, zima inveta kwenye swichi yake, kisha legeza nati ya betri utoe waya wa negativu. Subiri dakika tano hivi, kwa sababu inveta hubaki na chaji tumboni hata ikishazimwa.

Na usiiamini ile testa ya bisibisi yenye kitaa ndani. Kitaa kile huwaka kwa sababu umeme kidogo sana unapita mwilini mwako kwenda ardhini, nao umeme wa nyumbani umeunganishwa na ardhi tangu kwenye transfoma. Umeme wa inveta nyingi za gari haukuunganishwa na ardhi, na gari lenyewe limesimama juu ya mpira. Testa inaweza kunyamaza huku waya una umeme. Nimewaona mafundi wa majumbani, watu hodari kabisa, wakidanganywa na hilo.

Sasa tazama kabla ya kupapasa. Ukitumia hanga ulikuwa unavua samaki kwenye maji machafu. Washa simu, video na tochi vyote viwili, ifunge kwa tepu kwenye mti wa ufagio, uishushe polepole, halafu uitoe na kuitazama picha mezani. Tundu lenu halipitishi simu, nadhani. Mafundi wa mbao hutoboa tundu la kutosha plagi tu, na plagi ina upana wa sentimita tano hivi. Basi jaribu mwanya ulio kando ya friji, au tafuta kwa wauza vifaa vya simu ile kamera nyembamba kama waya inayochomekwa kwenye simu. Hata kioo kidogo cha kujipodoa na tochi vinatosha mtu mwenye subira.

Unachotafuta ni mambo mawili: plagi imelala wapi, na imelalaje. Plagi yetu hii ya pini tatu ina tabia inayojulikana na kila aliyewahi kuikanyaga usiku miguu mitupu. Ikianguka hulala chali, pini zikitazama juu. Kwa kuivua hilo ni zuri, kwa kuwa pini zinatoa mahali pa kushika. Kwa kuivuta ni baya, kwa kuwa hizo hizo pini ndizo zitakazokwama kwenye kila ukingo wa mbao. Kwenye gari lako ningetazama kwanza pale sakafu inapokutana na uvimbe wa gurudumu la nyuma. Vitu vyote vinavyoanguka ubavuni mwa matatu huteleza hapo. Nimewahi kutoa hapo kalamu, sarafu za shilingi ishirini, kitambulisho cha mtu na nusu ya chapati.

Ukishajua ilipo, usianze na tundu la juu. Anza na friji yenyewe. Waya wa friji haukuanguka wote. Mwanzo wake umeshikwa chini kabisa mgongoni mwa friji, karibu na kompresa, ile pampu ya gesi. Kwa hiyo friji ikija mbele, waya unakuja nayo. Angalia imezuiwa na nini. Mara nyingi ni vipande viwili vya mbao mbele ya miguu yake na skrubu nne basi. Toa chakula chote, fungua vile vipande, tandika gunia au kadibodi sakafuni, na watu wawili waivute polepole, mmoja chini na mmoja juu, ikiwa wima. Ikishatoka kama shubiri mbili, mkono utapita kando yake, utaushika waya pale unapoanzia na kuufuata kwa vidole hadi kwenye plagi. Huenda kazi ikaishia hapo, na nusu ya barua hii isiwe na maana.

Ila usiivute friji kwa hasira. Zile paipu nyembamba za mgongoni zikipinda zinaweza kupasuka, na friji nyingi ndogo za siku hizi zina gesi ya R600a, ambayo inawaka moto. Kwa sababu hiyo hiyo, drili isitumike popote karibu na mgongo wa friji huku hujaona inakoelekea.

Tuseme friji imebanwa, haitoki. Hapo ndipo tunatengeneza chombo. Hanga imekushinda kwa sababu inapinda pale unapotaka inyooke, na inanyooka pale unapotaka ishike. Nenda kwa hadiwea ununue paipu moja ya plastiki ya kupitishia nyaya, ile ya milimita 20, uikate iwe ndefu kuliko kabati kwa kiganja kimoja. Kisha pita kwa fundi wa baiskeli umwombe waya wa breki uliochakaa, ule wa chuma wa ndani bila ganda lake. Wa breki ya nyuma ni mrefu kuliko wa mbele. Ukunje katikati, uziingize ncha zote mbili kwenye paipu kutoka upande mmoja zitokee upande wa pili. Chini utabaki na kitanzi, juu utabaki na ncha mbili mkononi. Waya usipofika juu, ziunge ncha na kamba ya nailoni.

Kitanzi kiache kiwe kipana kama kiganja, ukikunje kidogo kwa vidole kisimame kama upawa wa kupakulia mchuzi, na ukizungushie tepu nyeusi ya umeme ili nyuzi zilizokatika zisidunge ganda la waya. Ule ugumu wa waya wa breki ndio uchawi wenyewe. Kamba tupu ingelegea na kulala chini, lakini huu hubaki umefunguka kama mdomo. Shusha paipu hadi kitanzi kiipite plagi na kuuzunguka waya nyuma yake, kisha vuta zile ncha. Kitanzi kitajikaza na kuteleza hadi kwenye plagi, na hapo hakina pa kwenda. Paipu ni ya plastiki, lakini waya wa breki ni chuma na ncha zake ziko mkononi mwako, kwa hiyo kama ulisahau kuzima kitu fulani, paipu haitakulinda. Basi usisahau.

Wakati wa kupandisha, usivute kama unang'oa nanga. Ukihisi imegota, rudisha nyuma kidogo, zungusha paipu robo, vuta tena. Pini zitageuka na kupita. Ukivuta kwa nguvu, kitakachoachia kwanza ni ile sehemu waya unapoingia kwenye plagi, nawe utatoka na waya mkononi na plagi imebaki chini.

Kisumu mna uzi wa kuvulia na ndoana kila mahali pale Dunga, na najua wazo hilo lilishakujia. Uzi ni mzuri, tumia. Ndoana hapana. Inatoboa ganda la waya tundu dogo usiloliona, na siku gari likiwa na unyevunyevu ndipo utakapolijua. Sumaku nayo itakupotezea siku, kwa sababu pini ni za shaba ya manjano, waya ndani ni shaba nyekundu, na sumaku haishiki hata moja kati ya hizo. Ina kazi moja tu hapa: kama unataka kupitisha kamba kutoka juu hadi chini mahali usipopaona, funga nati ya chuma kwenye uzi, iteremshe, na mtu wa upande wa pili aidake nati kwa sumaku. Hiyo nitairudia.

Sasa nikuambie jambo lililonigharimu. Miaka ya nyuma hapa Nakuru niliitwa kwenye gari la kambi lililotengenezwa Ulaya. Wenye gari walikuwa wakipita kuelekea Uganda. Magari ya namna hiyo ni machache hapa kwetu, kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na magari ya kambi huko kwao huuzwa rahisi yakishazeeka. Ndiyo maana nyumba zetu nyingi za kusafiria zinatokana na matatu. Basi, plagi ya friji ilikuwa imechomoka mgongoni. Nilipiga magoti mbele ya kabati saa mbili nzima. Nikafungua skrubu, nikasukuma bisibisi pembeni, nikapasua uso wa kabati wa mbao nzuri iliyopigwa vanishi. Mwanagenzi wangu alikuwa ametoka nje kunywa chai. Akaniita: "Mzee, huku nje kuna mwanga unatoka." Tochi yangu ilikuwa inawaka nyuma ya friji, na mwanga wake ulikuwa unapenya kwenye kidirisha cha matundu ubavuni mwa gari. Kidirisha kile kimeshikwa na vibanio viwili vya plastiki vinavyogeuzwa kwa sarafu. Tukageuza. Plagi ilikuwa pale, umbali wa kiganja, na soketi yake kando. Uso wa kabati niliulipa kwa pesa zangu.

Tangu siku hiyo nafanya hivi, na wewe fanya usiku wa leo. Zima taa zote za gari. Ning'iniza tochi ndani ya mwanya, ishuke kadiri inavyoweza. Kisha fungua milango yote, toa godoro, zunguka gari lote ndani na nje, ukiinama. Mahali mwanga unapovuja ndipo pa kuingilia. Mwanya wa kwenye gari karibu kila mara una mlango wa pili, ila mlango huo hauko upande uliosimama.

Kwako nabashiri mwanga utatokea chini ya kitanda. Fundi wa mbao hupamba panapoonekana. Upande wa kabati unaoingia chini ya kitanda huwa ameuacha wazi, au amepigilia plaiwudi nyembamba kwa misumari minne kwa ajili ya desturi tu. Ukikuta hivyo, bandua hiyo. Usipoona kitu hapo, tazama nyuma kabisa, karibu na mlango wa nyuma. Paneli za plastiki za ubavuni mwa gari zimeshikwa na vibanio vinavyochomolewa kwa kuinuliwa kwa kijiti bapa, na kwenye magari mengi ya aina hii taa ya nyuma ikifunguliwa skrubu zake huacha tundu linaloingia moja kwa moja kwenye ubavu. Kutoka hapo lile paipu lenye kitanzi linaweza kufika kwenye gurudumu likiwa limelala, bila kupambana na urefu wa kabati.

Mwanga usipovuja popote, basi kata. Lakini ukate unapotaka wewe, si nyundo inapotaka. Kata ubao wa kabati lenyewe kwa ndani, chini ya kitanda au ndani ya kabati jirani, mahali ambapo hapaonekani. Sakafu usiiguse, kwa kuwa chini yake mna paipu za breki na za mafuta. Bati la gari usiliguse. Upande wenye kifuniko cha tangi jihadhari zaidi, maana bomba la kujazia mafuta linapita ndani ya ubavu huo. Tumia jigisoo yenye msumeno mfupi, au msumeno wa mkono kama huna haraka, na kabla ya kutoboa tundu la kuanzia zungushia tepu kwenye drili ili izuie isizame kupita unene wa ubao. Ukubwa wa sentimita 15 kwa 20 unapitisha mkono ulioshika plagi.

Usiufunike huo mlango kwa plaiwudi. Weka kava ya matundu, kwa skrubu bila gundi. Hapa ndipo nina ugomvi na fundi wenu. Friji haitengenezi baridi. Inahamisha joto kutoka ndani na kulimwaga mgongoni mwake. Ukiifungia mgongo, joto linabaki hapo hapo, kompresa haipumziki, na betri inakwisha. Sikuambiwa, lakini naweza kubashiri kwamba Kisumu betri yenu haifiki asubuhi, na kwamba hapa Nakuru, kwenye baridi yetu, mliona afadhali. Mlango mmoja wa matundu chini, na mwingine juu karibu na lile tundu la waya, hewa baridi inaingilia chini na ya moto inatokea juu. Magari ya Ulaya yale yana vidirisha viwili kwa sababu hiyo. Waya wenu umewaonyesha kasoro ambayo mngekuja kuilipia kwa betri mpya.

Waya ukishatoka, usiuchomeke. Upitishe wote kwenye vidole kwa kitambaa kilicholowana kidogo, polepole, kuanzia friji hadi plagi. Unatafuta mikwaruzo ya bati, alama za meno ya panya, na mahali palipobanwa na mguu wa friji pakawa bapa. Ganda la nje likiwa na mkwaruzo mwepesi, sawa. Ukiona rangi ya nyaya za ndani, kahawia, buluu au kijani chenye mstari wa njano, waya huo ubadilishwe mzima. Tepu si dawa ndani ya gari linalotikisika juu ya bati. Kama plagi ni ya kufunguka, ifungue pia ukaze skrubu zake, kwa sababu barabara ile hulegeza kila kitu, na ukikuta fyuzi imekatika rudisha ya ukubwa ule ule. Plagi iliyobadilika rangi au kuyeyuka upande wa pini moja itupe. Ilikuwa inapata moto kabla hata ya kuanguka.

Sababu ya kuanguka ni uzito. Plagi yetu ni nzito, ekstensheni ilikuwa inaning'inia, na kutoka Mau Summit hadi Ahero matuta hayahesabiki. Kila tuta lilikuwa linaichomoa kidogo. Toa hiyo ekstensheni. Weka soketi ya ukutani iliyofungwa kwa skrubu kwenye ubao, juu ya kabati, na waya ushikwe na vifungo viwili vya plastiki kabla haujafika kwenye soketi, ili uzito ubebwe na ubao. Tundu la juu livishwe raba ukingoni. Na ile nati na uzi niliyosema: pitisha kamba ya nailoni kutoka tundu la juu hadi mlango wa chini, uifunge ncha zote mbili, uiache humo kabisa. Siku nyingine ukihitaji kupitisha waya wa taa au wa kuchajia simu, utaufunga kwenye kamba hiyo na kuuvuta kwa dakika moja.

Friji ikisharudi mahali pake, iache isimame saa kadhaa kabla ya kuiwasha, hasa kama iliinama wakati wa kuitoa, ili mafuta ya kompresa yarudi chini. Irudishie betri waya wake, lakini usiku wa kwanza itumie umeme wa nyumba. Inveta utaijaribu asubuhi ukiwa umesimama karibu, ukisikiliza kompresa inavyoanza.